Mukendo: Nilidhani nakufa, kumbe bitiruti!

JAMANI, asubuhi ile niliingia chooni mzima, nikatoka marehemu mtarajiwa. Haja ndogo ilikuwa nyekundu! Nikakaa juu ya jiwe pale uani, nikawaza nani atalipa madeni yangu ya Sinza.

Mama mdogo akachungulia kutoka jikoni. "Mwanangu, mbona umesawajika hivyo?" Nikamnong'oneza. Alicheka mpaka akashika mlango. "Jana juisi ulikunywa glasi ngapi?" Tatu. "Basi ndiyo hiyo bitiruti inatoka!"

Naam, msomaji wangu, karibu Mukendo, Musoma mjini. Kama hujafika, ni hivi: ukitoka Mwanza unazipita Lamadi na Bunda, unashuka stendi ya Bweri, na bodaboda anakuita "mura" kana kwamba mlisoma wote. Mawe yako kila kona, mengine yamepanda juu ya mengine utadhani aliyeyapanga alikuwa amelewa. Huku chini ni Ziwa Victoria. Liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jioni mtoto wa Dar unasahau kabisa habari za feni.

Sasa hizo bitiruti. Muuza juisi mmoja alimwagiza mama mdogo alime, akaahidi kuzichukua zote. Mama akapanda matuta manne nyuma ya nyumba. Zilipokomaa, jamaa kabadilisha biashara, simu hapokei! Na ada ya chuo ya binti wa mama ilikuwa imelala kwenye matuta yale yale. Ukiziacha ardhini zinakuwa na nyuzi kama kuni. Ikabidi zing'olewe.

Siku ya kwanza juisi. Ya pili juisi. Ya tatu, watoto wa jirani wakiliona jagi wanatimua mbio. Hapo ndipo mama alipokunja kanga.

Kwanza, majani hayatupwi. Yale machanga aliyakata kama mchicha, akayakaanga kwa kitunguu na nyanya, akatia karanga. Kwa ugali wa muhogo, ndugu yangu, utajilamba!

Pili, bitiruti huchemshwa na maganda yake. Unabakiza kikonyo cha vidole viwili na mkia hukati, vinginevyo rangi yote inaishia kwenye maji. Baada ya dakika 45 hadi saa moja, ganda linatoka kwa kusugua tu. Hapo unatengeneza kachumbari ya kitunguu na ndimu. Nyingine alizisaga akakandia unga wa chapati badala ya maji. Chapati nyekundu! Watoto waliokimbia jagi wakarudi wenyewe.

Nyingine alizikata vipande, akamwagia siki iliyochemshwa na sukari, chumvi na karafuu, akafunga kwenye chupa. Mbichi zilizobaki alizikata majani na kuzifukia kwenye boksi la mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini. Zinakaa wiki kadhaa bila kunyauka.

Chupa na chapati zikaanza kuuzika. Lakini mteja mkubwa alikuwa dada mmoja mjamzito, kila jioni glasi mbili. Siku moja akateleza ulimi: vile vidonge vya damu vya kliniki ameviacha, vinamtia kichefuchefu. Si juisi inaongeza damu?

Mama akaiweka chini glasi. "Mwanangu, mimi nauza juisi, uongo siuzi."

Akamwambia ukweli. Wekundu ule ni rangi tu. Gramu 100 za bitiruti hazina hata miligramu moja ya madini ya chuma, na mjamzito anahitaji kama 27 kwa siku. Bitiruti ina faida zake, ina foleti, lakini haishiki nafasi ya kidonge. "Rudi kliniki, waeleze hicho kichefuchefu, watakuelekeza namna ya kuvimeza. Na ule dagaa, maharage, maini ukipata, ukamulie ndimu."

Dada aliondoka kanuna. Mama akahesabu hela za siku ile, zilikuwa kiduchu, akanyamaza. Nilimwonea huruma, maana ada ilikuwa bado nusu. Baada ya wiki hodi ikapigwa: ni yule dada, vidonge kavirudia, na sasa anataka chapati kumi!

Nami nikuachie langu. Kama jana hukula bitiruti na leo unaona nyekundu, wahi hospitali, maana inaweza kuwa kichocho au kingine kibaya zaidi. Lakini kama umetoka Mukendo kwa mama mdogo, tulia. Usianze kuandika wosia.