Kompyuta ya ofisi haijafa



Kwenye mkutano uliopita wengi mliomba tutoe dola katika sanduku la chama tununue kompyuta mpya, kwa kuwa ile ya ofisi inatuchelewesha. Mimi naandika humo hesabu ya likelemba kila juma, na nawaomba tungoje kidogo. Dola hizo tulizitenga kwa wamama wanaoanza biashara sokoni.

Mashine ile haijafa, imebebeshwa mzigo. Kila kompyuta ina programu ya kupanga madirisha kwenye kioo. Siku hizi zimejaa mapambo, na mapambo yanakula kumbukumbu ya mashine hata kabla hujaanza kazi. Lakini kompyuta yetu inatumia Linux, na katika Linux unaweza kuweka mpangaji wa madirisha mwingine, mwepesi, bila kugusa barua wala hesabu zetu.

Nyumbani watoto wanasomea kompyuta yenye gigabaiti 2 tu za kumbukumbu. Niliiwekea IceWM, iliyoanzishwa na Marko Maček mwaka 1997, wakati kompyuta zilikuwa na nguvu ndogo sana. Haiuzwi, ni ya bure. Chini ya kioo kuna mstari wenye saa na menyu, basi.

Menyu yenyewe ni maandishi ya kawaida, mstari mmoja kwa kila programu, na jina unaliandika upendavyo. Mimi niliandika kwa Kiswahili: “Andika barua”, “Hesabu”, “Masomo”. Mama mkwe wangu, ambaye hakusoma Kifaransa, sasa anafungua mwenyewe bila kuita mtoto.

Lakini tusidanganyane. Intaneti inabaki nzito: ukifungua kurasa nyingi pamoja, mashine itakwama. Betri mbovu nayo haiponi kwa IceWM.

Ninaomba ruhusa moja: Jumamosi niiweke kwenye kompyuta ya ofisi. Ule mpangilio wa zamani haufutwi. Wakati wa kuingia, kila mama atachagua anaoutaka. Tuijaribu mwezi mzima, hasa nyinyi mnaoogopa kuigusa kwa sababu ya Kifaransa. Kisha tukae tuamue juu ya sanduku, tukiwa tumeona kwa macho yetu.