Motakaa Yetu Katika Uwanja wa Mashindano

Wengi wenu mna vijana nyumbani, nanyi mwajua jinsi kijana apendavyo mwendo wa haraka. Akiwa na miguu yake tu atakimbia; akiwa na baisikeli ataiachia mlimani bila kushika breki; na akipewa motakaa, basi wazee wake hawalali. Mwezi huu nawaletea habari ya mwanangu mwenyewe, wala sitaficha sehemu yangu ndani yake.

Sisi twakaa Marekani, katika jimbo la North Carolina, karibu na mji wa Concord. Mwanangu alipata ruhusa ya kuendesha motakaa alipotimiza miaka 16, na kabla ya mwaka kwisha alikamatwa usiku na askari, akienda maili 66 kwa saa mahali palipo na ruhusa ya maili 45. Faini twalilipa. Mama yake akauchukua ufunguo wa kijana, akaufungia sandukuni pamoja na hati za nyumba. Mimi nami nalisema maneno mengi, tena makali, na kijana akanyamaza. Wazazi mwakijua kimya kile: si kimya cha kutubu, ni kimya cha kungoja maneno ya mzee yaishe. Hata yalipokwisha akaniuliza neno moja tu: “Baba, wewe umepata kwenda upesi hata siku moja?”

Sikuwa na jibu. Mimi nalijifunza kuendesha katika lori kuukuu, njia za udongo za Iringa, na lori lile hata lingalitaka kwenda upesi lisingaliweza.

Sasa, katika mji huu wa Concord pana uwanja mkubwa wa mashindano ya motakaa uitwao Charlotte Motor Speedway, uliofunguliwa mwaka 1960. Njia yake ina urefu wa maili moja na nusu, nayo imezunguka kama yai. Kila mwaka hufanyika huko mashindano ya maili 600, ndiyo kusema mizunguko 400. Mtu akitoka Mombasa akaenda hata Nairobi, kisha akarudi, amekwenda karibu maili hizo; lakini hawa hufika palepale walipoanzia, nao huona ni furaha kubwa. Tena ziko siku ambazo watu wa kawaida huruhusiwa kuingia na motakaa zao za nyumbani, wakazunguka mara chache, kwa kutoa fedha za kuwasaidia watoto wahitaji. Naliposikia habari hiyo nikawaza moyoni: nitampeleka mwanangu akaone mwendo mahali pake, labda tamaa itamtoka.

Mama yake hakupenda. Alisema, “Mlevi haponywi kwa kupelekwa kilabuni.” Neno lake lilikuwa zito, nami sikulijibu vema. Nalikwenda tu.

Huenda mtu akauliza, motakaa ya nyumbani ina kazi gani katika uwanja wa mashindano? Kumbe mchezo huu ulianza nazo. Tarehe 19 Juni 1949, katika uwanja mwingine wa Charlotte, uliokuwa wa udongo mtupu, yalifanyika mashindano ya kwanza ya daraja hili, na sheria ilikuwa kwamba kila motakaa iwe kama ilivyotoka dukani, bila kuongezewa kitu. Aliyetangulia kufika siku ile ni Glenn Dunaway katika Ford ya mwaka 1947. Lakini wakaguzi walipoinama kuitazama chini, wakaona springi za nyuma zimetengenezwa kwa hila, namna ile ya watu waliokuwa wakibeba pombe ya magendo usiku na kuwakimbia askari. Wakamnyima ushindi, wakampa Jim Roper aliyemfuata katika Lincoln yake. Naliipenda sana habari hii, nikamsimulia mwanangu njiani, nikikaza hasa pale penye askari. Akacheka kidogo.

Siku hizi mambo yamegeuka. Motakaa za mashindano zina sura tu ya zile za dukani. Milango yake haifunguki, dereva huingia kwa dirishani. Taa za mbele ni picha zilizobandikwa. Wala ndani hamna kipimo cha kuonyesha maili. Dereva hufungwa kwa mikanda mingi, kichwa kimevikwa kofia ngumu, na shingo imeshikizwa ili isivunjike. Kuta nazo zimewekewa vyuma na sponji ngumu nyuma yake, ili zilegee zikigongwa. Mengi ya hayo yaliongezwa kwa haraka baada ya Dale Earnhardt, dereva mashuhuri kupita wote wa siku zake, kufa ukutani huko Daytona mwaka 2001. Sisi twalikuwa na mkanda mmoja kila mtu, na mfuko wa maandazi katika kiti cha nyuma.

Twalipofika langoni msimamizi alituagiza maneno machache: tuifuate motakaa yake iliyotangulia, mtu asimpite mwenziwe, wala asisimame njiani. Kisha tukaingia, kumi hivi kwa mstari mmoja.

Hapa lazima niwaeleze jinsi kona zilivyo, maana picha hudanganya. Katika picha yaonekana kama njia iliyoinama kidogo. Sivyo. Kona zile zimeinuka upande wa nje kwa nyuzi 24, yaani ukipiga hatua tisa za kwenda mbele umepanda hatua nne za kwenda juu. Ni kama bati la nyumba. Mtu akisimama pale kwa miguu huona afadhali ashike kitu. Nako Daytona nyuzi ni 31, na Talladega, katika jimbo la Alabama, ni 33.

Mzunguko wa kwanza kiongozi alikwenda polepole, kama maili 40. Twalipoingia kona ya kwanza ulimwengu ulilala upande, kama picha iliyoning’inia kwa msumari mmoja. Mwili wangu wote ukaangukia mlango wa kushoto. Maandazi yakamwagika. Usukani ukawa unavuta kushoto, kuelekea majani yaliyo chini kabisa, nami naushikilia kwa mikono miwili kama mtu azuiaye ng’ombe asiingie shambani. Nalidhani tutabingirika. Nikasema kwa sauti, “Watu hawa wana wazimu.” Mwanangu naye ameshika kiti, hasemi kitu.

Mzunguko wa pili kiongozi aliongeza mwendo, na hapo nikaona ajabu. Twalipopita maili 60, pale pale kwenye kona iliyonitisha, mambo yote yakatulia. Mwili ukakaa kitini sawasawa, tena mzito kidogo, kama mtu aliyewekewa mzigo begani. Usukani ukawa mwepesi, hauvuti huku wala huku. Naweza kusema motakaa ilijiendesha yenyewe.

Sababu yake nalikuja kuifahamu kwa kukumbuka kombeo tulilofukuzia ndege mashambani. Jiwe likizungushwa hutaka kwenda zake moja kwa moja, na kamba ndiyo ilizuiayo lisiende. Motakaa nayo katika kona hutaka kwenda moja kwa moja. Katika barabara iliyo sawa huzuiwa na mipira yake tu, ikishikana na lami. Lakini njia ikiinuka upande wa nje, yenyewe huisukuma motakaa kuelekea ndani, ikawa kama ile kamba. Basi kila kona ya namna hii ina mwendo wake: ukienda chini ya huo wateremka, ukienda juu yake sana mipira hubeba kazi iliyobaki. Kwa kona zile mwendo huo ni kama maili 65 kwa motakaa yoyote, nyepesi au nzito. Wenye mashindano huenda karibu mara tatu ya hapo. Humaliza mzunguko kwa muda wa nusu dakika, na sisi twaliumaliza kwa dakika moja na robo.

Mzunguko wa tatu na wa nne twalikwenda maili 70, nami nakiri mbele yenu kwamba nalicheka kama mtoto. Mwanangu naye alicheka. Tangu ile faini hatukuwa tumecheka pamoja. Mara akasema, si kwa kuulizwa, “Baba, njia hii ndiyo inayotushika. Kona ya kule nilikokamatwa haina hii.” Kona ile ni bapa, ina nyumba huku na huku, na shule mwisho wake. Sikuongeza neno. Naliona nimeshinda, nikajipongeza kimoyomoyo kwamba maneno ya mama yake hayakuwa kweli.

Tukatoka langoni. Barabara ya nje ina ruhusa ya maili 35. Nikapunguza mwendo, nikaona twajikokota kama mkokoteni wa punda. Nikaweza hata kuitazama miti mmoja mmoja. Kando ya njia alisimama mwanamke na mtoto katika kigari, akingoja kuvuka. Nikamwinulia mkono kwa adabu tulipompita.

“Baba,” mwanangu akasema taratibu, “tazama kipimo.”

Nikatazama. Mshale ulikuwa juu ya 57.

Macho yangu yalikuwa yamekwisha zoea maili 70, na mguu ukayafuata macho. Madereva wa njia ndefu wayajua haya, jinsi mtu atokapo barabara kuu akaingia kijijini akidhani anatambaa. Mimi nami nayajua. Miaka 30 nimeendesha. Nalishika breki, nikageuka kumtafuta yule mwanamke, lakini kona ilikuwa imekwisha mficha. Mikono yangu ilitetemeka kuliko kule juu kwenye nyuzi 24.

Nyumbani mama yake alikuwa barazani akichambua mboga. Akauliza, “Haya, amejifunza?” Kijana akanitazama, wala hakusema neno, aliniachia mimi. Nikamweleza yote, pamoja na ile 57 na yule mwenye kigari. Aliniacha nimalize. Kisha akajipangusa mikono, akanyosha kiganja, akangoja. Nikampa ufunguo wangu. Akaingia nao ndani, nikasikia kifuniko cha sanduku kikifungwa.

Jumapili iliyofuata yeye ndiye aliyetupeleka kanisani, sisi wawili tumekaa kiti cha nyuma, penye makombo ya maandazi.