Tundu la Taa

Ufundi wangu wa umeme umepita katika zama mbili za dari hapa Dar es Salaam. Nilianza wakati nyumba nyingi zina dari la mbao laini na balbu moja katikati ya chumba. Baadaye jipsamu ikaingia kwa nguvu, na kila mwenye nyumba akataka taa za kuzama darini, safu nzima sebuleni na nyingine koridoni. Za mwanzo zilikuwa za halojeni, wati 50 kila moja. Siku hizi kazi ninayoitiwa zaidi ni kuzing'oa na kuweka za LED, na wengi huiona kazi ya kupita. Mimi nimefika mahali pa kuamini kuwa ndiyo kazi nzito kuliko zote ninazofanya ndani ya nyumba ya mtu, kwa sababu ya tundu linalobaki taa ikishavutwa chini. Nyumba nyingi hazina njia nyingine ya kuchungulia nyaya zinazopita juu ya watu waliolala.

Taa ya halojeni aina hiyo kwa kawaida ina kioo kilichoundwa kurudisha mwanga chini na kuachia sehemu kubwa ya joto ipite nyuma, yaani juu ya dari. Waya wa kawaida wenye ganda la PVC umekusudiwa kuvumilia nyuzi 70. Ukivuta taa ya zamani, basi, utakuta ganda karibu na holda limekuwa la kahawia, limekauka, na ukilikunja kidogo linapukutika hadi kopa ionekane. Pembeni yake kuna mbao ya kenchi, vumbi la miaka, na mara nyingi majani makavu ya kiota cha ndege. Fundi anayekata ncha hiyo na kufunga LED kwenye waya ulioungua ameacha ugonjwa mahali pake na kubadilisha taa tu.

Najibiwa kwamba LED haina joto, kwa hiyo hatari imekwisha. Jibu hilo lina ukweli mkubwa, na sitaki kulipuuza. Taa kumi za wati 50 huvuta zaidi kidogo ya ampia mbili. Kumi za wati 5 huvuta sehemu ya kumi ya hizo. Na kwa kuwa joto la jointi hufuata mraba wa mkondo, jointi ileile itatoa joto mara mia pungufu. Ila darini hakuna waya wa taa peke yake. Humohumo hupita waya wa kiyoyozi na wa hita ya maji, na mara nyingi jointi zake zimesokotwa kwa plaizi na kuzungushiwa tepu, bila konekta wala boksi. Hita ya wati 3,000 huvuta ampia 13. Jointi iliyolegea ikiwa na ukinzani wa moja ya kumi ya omu tu, panazaliwa wati 17 za joto mahali pasipozidi kidole gumba, kila hita inapowashwa.

Hapo ndipo wengi huitegemea sakiti breka. Breka hukata mkondo unapozidi kiwango chake, na jointi iliyolegea haiongezi mkondo hata kidogo. Ukinzani wake huupunguza. Breka ya kuzuia shoti ya mwili nayo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na hapa viwili hivyo viko sawa. Vifaa hivyo viwili vinaokoa watu na lazima viwepo, lakini jointi hii havioni. Inaonwa na jicho. Ndiyo sababu nazima swichi kuu, kwani swichi ya ukutani huenda imefungwa kwenye nyutro na kuacha waya moto hai, kisha naingiza simu tunduni, narekodi video huku na huku, na kumwonesha mwenye nyumba mwenyewe.

Pingamizi la jipsamu ni la haki pia: haiwaki, na ndani yake mna maji yanayochelewesha moto. Huo ni ulinzi wa dari zima lisilotobolewa. Likishatobolewa safu nzima, moshi na moto vinapata njia. Aliye na dari la plastiki hana hata ulinzi huo.

Inabaki gharama. Boksi, konekta na waya mpya wa mita chache ni fedha ndogo mbele ya taa zenyewe. Kinacholipwa ni muda wa fundi, na mteja mwenye haki ya kuuliza bei aambiwe bei hiyo kabla taa ya kwanza haijashuka. Ningependa pia siku hiyohiyo afunge king'ora cha moshi koridoni. Moto wa darini hukua juu ya dari kabla mtu hajanusa kitu, na madirisha yetu yana nondo. Familia inahitaji dakika za kuufikia ufunguo wa mlango.