Mbabula Haina Termostati



Wakati wa kipwa ukifika, nyumba zetu zinasumbuliwa na baridi mbili. Kuko baridi ile hatuitaki, inayoingia usiku kupitia mabati na chini ya mlango. Kuko tena baridi ile tunaitafuta, ya frigo, juu ya nyama na samaki visioze. Kazi yangu ni kutengeneza frigo, basi watu wananiita juu ya ile ya pili. Lakini leo nataka kuwaongelea zote mbili, sababu zinatufundisha neno moja: kiasi.

Tuanze na frigo. Ndani yake kuko kifaa kidogo kinaitwa termostati. Ni ile butoni yenye namba, 1 mpaka 5 ao 1 mpaka 7. Nyuma ya butoni kuko mrija mwembamba sana wenye gazi ndani, na ncha yake inagusa mahali panapoganda. Frigo ikipata joto, gazi inavimba, inasukuma, umeme unapita, mashini inaanza kulia. Baridi ikitosha, gazi inanywea, umeme unakatika, mashini inapumzika. Termostati inajua kuanza, tena inajua kuacha.

Watu wengi wanafikiri ya kama namba 7 inaleta baridi mbio kuliko namba 3. Hapana! Nguvu ya mashini ni ile ile. Namba inaonyesha tu kwenye baridi gani itasimama. Ukiweka 7 juu ya soda za wageni, hazitapoa mbio, lakini kesho nyanya zako zitakuwa mawe. Weka katikati, kisha uache.

Sasa mama mmoja anakuja: «Fundi, frigo yetu inakufa. Iko nalia tu, lakini baridi hakuna.» Mama, mbele ya kunilipa, angalia kwanza mambo haya.

Ya kwanza, kauchu ya mlango. Fungia noti ya franka katika mlango, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, baridi yako inatoka vilevile. Osha kauchu na maji ya vuguvugu na sabuni. Ikiwa imepasuka, ibadilishwe.

Ya pili, mgongo wa frigo. Joto la ndani linatolewa na ile mirija myeusi ya nyuma. Huku kwetu vumbi la barabara za mgodi linaingia kila mahali, linaivalisha mirija sawa bulangeti. Chomoa waya, panguza na brosi, kisha usogeze frigo mbali kidogo na ukuta, kadiri ya kiganja cha mkono.

Ya tatu, barafu. Ikipita nusu sentimeta, inazuia baridi kushuka kwa chakula. Zima frigo, fungua mlango, weka sufuria ya maji ya moto ndani, ngoja iyeyuke. Usichokoe na kisu! Ukitoboa mrija, gazi yote inatoka, na hapo malipo si ya brosi na sabuni tena.

Ya ine, umeme. Frigo zetu nyingi zinaomba volti 220. Saa ya jioni, wakati kila nyumba inapika na resho, umeme unakuwa dhaifu. Utasikia mashini inanguruma kidogo, inafanya «tak», inanyamaza, halafu inajaribu tena. Si ugonjwa wa termostati. Mashini inakosa nguvu ya kuanza, na ikiendelea hivyo itaungua. Chomoa waya. Umeme ukikatika na kurudi, ngoja dakika 10 mbele ya kuchomeka tena.

Ya tano, ikiwa taa ya ndani inawaka vizuri lakini mashini haisemi kitu, zungusha butoni polepole toka mwanzo mpaka mwisho. Usiposikia «tak» hata moja, pengine termostati njo imekufa. Hapo uite fundi.

Lakini jihadhari na fundi wa haraka. Kuko wale wanaotoa termostati na kuunganisha waya moja kwa moja. Siku ya kwanza baridi inakuja mingi, kila mtu anafurahi. Lakini ile mashini haina tena wa kuiambia «sasa imetosha». Inalia usiku na mchana, barafu inajaa, na mwisho inaungua.

Hapa njo nataka tufike kwa baridi ya kwanza. Miji yetu, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, iko juu sana, meta 1,200 na zaidi toka bahari. Usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 meno yanagongana. Basi watu wanaingiza mbabula ya makala katika chumba, wanafunga madirisha, wanaziba matundu na vitambaa, wanalala.

Wapendwa, mbabula haina termostati. Haijui kuanza wala kuacha.

Mtu ananiambia: «Fundi, moshi ulikwisha toka inje, makala inabakia nyekundu tu. Hakuna hatari.» Sivyo. Makala nyekundu, bila moshi hata kidogo, inatoa gazi ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inaingia katika damu na kukamata nafasi ya hewa safi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, miguu inalegea. Lakini aliyekwisha kulala hasikii neno. Usingizi unakuwa mrefu.

Kisha asubui ndugu wanavunja mlango. Hakuna damu, hakuna mwizi, hakuna kidonda. Hapo watu wanaanza kutafuta nani alifanya. Wanatazama bibi mzee wa nyumba ya pili, wanasema ni bulozi. Mzee anafukuzwa, jamaa zinatengana. Na mbabula iko pale katika pembe, na majivu yake, hakuna anayeiuliza. Wakristo, tusiongeze dhambi juu ya kilio. Kwanza tuulize moto ulilala wapi.

Tufanye nini basi? Washeni makala inje. Mbabula isilale katika chumba na watu, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Na resho ya waya wazi isibakie inawaka karibu na bulangeti usiku. Nayo wengi wetu tunayo bila termostati. Kwa watoto na wazee, jaza maji ya moto katika chupa ngumu, funga vizuri, zungushia kitambaa, weka miguuni. Watoto walale pamoja, wavae soksi na kofia. Ukikuta watu wamelegea katika chumba chenye makala, fungua mlango, watoe inje kwa hewa mbio, kisha hospitali, hata kama wameamka na kusema «tuko sawa».

Mtume Paulo anaweka kiasi kati ya matunda ya Roho. Katika frigo, kiwanda kiliweka kiasi ndani ya butoni. Katika mbabula, hakuna aliyekiweka. Ni wewe njo termostati yake. Frigo ikifa, piesi zinapatikana sokoni. Mtoto hana piesi.

Vijana, ninyi mnaochelewa kulala, hii iwe kazi yenu: kila usiku wa kipwa, mbele ya kufunga mlango, muhakikishe mbabula iko inje.