Visima vya Kombani

Kombani hupiti bila kuulizwa unakwenda wapi. Gari la kutoka feri ya Likoni halijasimama sawasawa, makanga wa magari mengine wamekwisha kukuzunguka: Kwale? Ukunda? Lunga Lunga? Barabara kuu inaendelea kusini kuelekea mpaka wa Tanzania, na tawi lake linakata kulia, linapanda Golini hadi Kwale mjini. Penye njia panda hiyo panauzwa kila kinachouzika: viazi karai, maembe, muhogo, mitumba, vocha za simu. Vijana wa bodaboda wamejilaza juu ya pikipiki zao, mguu mmoja chini, wakisubiri mwenye safari.

Niliiacha barabara nikafuata kijia kinachoelekea upande wa bahari, kati ya minazi na mikorosho. Nyuma ya maduka, Kombani hubadilika sura. Vyumba vya kukodisha vimepangwa mistari mistari, kila mstari na vyoo vyake vya shimo kwa nyuma, na hapa na pale kisima. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifike Kibundani, mtu anaweza kufanya kazi Miritini akalala huku bila kuvuka feri, na wenye mashamba walilielewa hilo upesi. Bomba la majitaka hakuna. Kinachoingia chooni kinabaki pale pale, chini ya miguu ya watu.

Nilikuja na swali moja. Kambi ya jeshi ikiamua kupanua mtambo wake wa kusafisha majitaka, athari kwa mazingira hupimwa vipi, na anayeulizwa ni nani? Kambi yenyewe haiko mbali. Mtongwe, upande wa Likoni, ndiyo makao ya jeshi la wanamaji la Kenya, lililozaliwa tarehe 12 Desemba 1964, siku ile ile nchi ilipokuwa jamhuri. Sisemi kwamba Mtongwe ina kasoro. Ndani sijaingia, na kule langoni hakuna la kutazama zaidi ya ukuta na askari. Lakini kambi ya namna hiyo ni mji mzima: nyumba za familia, majiko, karakana, meli zinazorudi na matangi yaliyojaa. Mji hauachi kutoa maji machafu kwa sababu una uzio.

Nimeanzia Kombani kwa sababu ya jinsi maji yanavyotembea huku. Mvua inayonyesha Milima ya Shimba huzama katika mchanga, ikasogea polepole chini ya ardhi kuelekea Bahari Hindi. Visima virefu vya Tiwi, kusini kidogo ya hapa, huyavuta maji hayo na kuyasukuma hadi Likoni. Kwa hiyo maji ya huku hupanda kaskazini yakiwa safi, yakatumika, kisha yanatafuta pa kwenda. Ukitaka kujua athari za mtambo wowote wa majitaka katika ukanda huu, lazima uifuate safari hiyo nzima, na ukuta wa mwenye mtambo ni kituo kimoja tu njiani.

Chini ya mwembe nilimkuta mzee akivuta maji kwa ndoo na kamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha gogo la kukalia. Nilimwuliza kama kisima hukauka.

"Hakikauki, mwanangu. Mvua ya mwaka ikikolea, maji hupanda mpaka kamba nusu yake ni kazi bure."

"Na vyoo je, mzee?"

"Vyoo navyo hupanda." Akacheka, akamimina maji ndooni.

Sidhani kama ripoti ya mtaalamu ingelisema jambo hilo kwa ufupi zaidi. Mchanga huchuja uchafu ukipewa muda na umbali. Wakati wa masika maji ya chini hupanda hadi karibu na sakafu ya shimo, na umbali ule hutoweka. Kuelekea baharini, ambako mchanga unapisha mwamba wa matumbawe, mambo ni mabaya zaidi, kwani mwamba huo umejaa nyufa na matundu, na maji hupita humo mbio bila kuchujwa. Mtambo unaomwaga maji yake juu ya mwamba wa namna hiyo unayamwaga karibu moja kwa moja kwenye visima na baharini.

Ndani ya mtambo wenyewe hakuna uchawi. Taka ngumu huchujwa, mchanga na tope hutuama, kisha bakteria hupewa hewa ili wale kilichoyeyuka majini. Mwisho maji hutiwa klorini au huachwa bwawani yapigwe na jua. Ugumu wa kambi ya jeshi unaanzia kwa hao bakteria. Wanataka chakula cha kila siku kwa kiasi kile kile, na jeshi haliishi hivyo. Leo meli zimetia nanga na kuna mazoezi, watu wameongezeka maradufu. Juma lijalo wamekwenda zao. Juu ya hayo, karakana hutoa mafuta na sabuni kali za kuondolea grisi, na vikifika mtamboni vinaweza kuwaua wale wafanyakazi wadogo. Mtambo uliopigiwa hesabu ya siku ya wastani utakuwa mzuri siku ya wastani. Tathmini ya kweli huuliza kuhusu siku mbaya.

Halafu kuna tope. Katika mijadala ya majitaka watu hupenda kuzungumzia maji yanayotoka, kwa kuwa yanaonekana, nao hulisahau tope linalobaki chini ya matangi, ambalo lazima lori lilichukue na kulipeleka mahali. Ni mahali gani hapo? Mombasa ina mitambo ya Kipevu na Kizingo. Upande wetu wa kusini, nikiitazama barabara hii na mashamba matupu yaliyo pembeni yake, naona sababu ya kutaka jibu hilo liandikwe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Kwenye karatasi, sheria ya Kenya si dhaifu. Sheria ya mazingira ya 1999 inadai tathmini kabla ya mradi wa aina hii kuanza. Kanuni za 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo, achapishe gazetini, atangaze redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji kwa majuma mawili mfululizo, na afanye mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu. Kwa huku, lugha ya wenyeji ni Kidigo. Kanuni za ubora wa maji za 2006 nazo ziliweka mipaka ya maji yanayoachiwa mazingirani: oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu isizidi miligramu 30 kwa lita, chembe zinazoelea zisizidi 30, na bakteria aina ya E. coli wasiwemo kabisa katika mililita 100.

Zikishafika kwenye lango la kambi, karatasi hizo hukutana na karatasi nyingine. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaruhusu habari kuzuiwa kwa ajili ya usalama wa taifa. Silaha ziwe siri, sina ugomvi na hilo. Idadi ya wanajeshi nayo inaweza kuwa siri, na hapo kuna tatizo la kweli, maana ukubwa wa mtambo humwambia adui idadi ya vyoo. Lakini kilichomo katika maji yanapotoka nje ya uzio kimekwisha kutoka nje ya uzio. Jirani akikinywa, hakiwezi tena kuwa siri ya vita.

Ukurasa ambao ningeutafuta kwanza katika ripoti yoyote ya namna hii ni ule wa vipimo vilivyochukuliwa kabla ya ujenzi: visima vilivyo chini ya mteremko, kiangazi na masika, kimoja kimoja. Bila ukurasa huo kila mtu atakuwa na lake. Mwenye mtambo atasema uchafu ulikuwepo tangu zamani, unatoka kwenye vyoo vya shimo. Na huenda akawa na haki, kwa maana vyoo hivyo nimeviona. Wanakijiji watasema ulikuja na mtambo. Hakimu hatakuwa na cha kushika.

Mombasa inalijua somo hili kwa gharama kubwa. Kule Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi bila tathmini kufanywa kwanza, na waliobeba ushahidi wa sumu yake ni watoto, katika damu yao. Mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake walishinda fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, wakaipoteza katika rufaa, wakairudisha Mahakama ya Juu Desemba 2024. Na asifikiri mtu kwamba jeshi tajiri halina mambo haya. Novemba 2021, kule Hawaii, mafuta ya jeshi la wanamaji la Marekani yaliingia katika maji ya kunywa ya watu wapatao 93,000 karibu na Pearl Harbor. Matangi ya mafuta hayo yalikuwa juu ya hazina ya maji ya chini, na wakaazi walikuwa wameonya miaka mingi.

Nilimweleza mzee habari ya vipimo vya mwanzo, chupa zinazojazwa na kupelekwa maabara. Alisikiliza huku akikunja kamba. Muuza maji mmoja alipita na mkokoteni wake uliojaa mitungi, akasimama kusikiliza, akauliza kama wapimaji wanalipa wanaochotewa maji. Nikamwambia sidhani. Akaenda zake.

"Waje," mzee akasema. "Lakini wasije Januari, kisima kikiwa kitamu. Waje mwezi wa tano."

Kisha akanionyesha kwa kidole kisima cha pili, kile kilichoko ubavuni mwa vyumba vya kukodisha, hatua chache kutoka ukuta wa vyoo. "Na waanzie pale, si kwangu. Mwenye kile atakataa, lakini waanzie pale."