Mwamba wa Aldinga na wawindaji wake

Wasomaji wakaao kando ya ziwa Tanganyika wanafahamu wavu, ndoana na taa za usiku. Lakini ziko nchi ambako watu humfuata samaki hata nyumbani mwake, chini ya maji, mkuki mkononi. Mojawapo ni Australia ya Kusini.

Ukitoka mji wa Adelaide na kushika njia ya kusini, mwendo wa karibu kilometa 45, wafika Aldinga Beach, ukingoni mwa ghuba ya St Vincent. Mchanga wake ni mgumu, hata motokari hupita juu yake. Maji yakipwa, sehemu ya mwamba hubaki wazi, na watoto hutazama kaa na konokono madimbwini. Mbele zaidi, baharini, mwamba huo unakatika ghafula na kushuka kilindini. Huko ndiko walikokuwa wakienda wawindaji.

Mwindaji huvaa vazi zito la mpira kwa sababu ya baridi, kioo usoni na mapezi miguuni. Silaha yake ni bunduki isiyo na baruti: mipira minene iliyovutwa ndiyo irushayo mkuki, nao umefungwa uzi. Katika mashindano chupa za hewa ni mwiko. Mtu huzama kwa pumzi moja tu. Samaki mkubwa ni mwerevu, husikia kila mtikisiko wa maji. Basi mwindaji hujilaza kimya kama paka, huku kifua chamdai hewa. Akifyatua mapema, hukosa. Akichelewa, pumzi haitoshi kumrudisha juu. Na akipata, hapo hatari ndiyo kwanza inaanza, maana damu husafiri majini na papa huinusa toka mbali.

Mwaka wa 1961 mzamiaji mmoja aliumwa vibaya na papa papo hapo Aldinga. Hata hivyo mashindano hayakukoma. Siku ya Jumapili, tarehe 8 Desemba 1963, kijana Rodney Fox, mwuza bima, alikuwa miongoni mwa walioshindania ubingwa wa mkoa. Alikuwa amemlenga samaki mzuri, kidole ki tayari kufyatua, ndipo kitu kizito kilipompiga ubavuni. Papa mweupe alikuwa amemkamata kifuani.

Bunduki ilimtoka. Kijana akayatafuta macho ya mnyama kwa vidole. Mkono wake ukateleza ukaingia katikati ya meno. Papa akamwachia, naye akapanda kuvuta hewa. Alipotazama chini aliona kinywa kikimjia tena katika maji mekundu. Safari hii papa alikimeza chelezo chenye samaki, ambacho kamba yake ilikuwa imefungwa kiunoni mwa kijana! Akaburutwa kilindini, akihangaika kuifungua kamba asiweze. Pumzi ilipokaribia kwisha, kamba ikakatika yenyewe.

Mashua ilikuwa karibu. Wenzake hawakumvua lile vazi la mpira, na walifanya vema, kwa kuwa ndilo lililoshika pamoja mbavu zilizovunjika na mwili uliopasuka. Hospitalini Adelaide alishonwa nyuzi 462.

Wengi tungalichukia bahari maisha yetu yote. Fox alirudi. Siku moja, akitazama simba katika bustani ya wanyama ya Adelaide, alifikiri: ikiwa simba hufungiwa ili watu wamtazame, kwa nini mtu asifungiwe ili amtazame papa? Akatengeneza kizimba cha chuma cha kushushwa baharini, akawaongoza wapiga picha na wataalamu. Mtu huyo aliyekuwa na haki ya kulipiza kisasi, kama iko haki ya namna hiyo, akawa mtetezi wa papa.

Mwaka wa 1971 serikali iliutenga mwamba wa Aldinga uwe hifadhi. Papa mweupe naye sasa analindwa na sheria katika Australia yote. Wazamiaji wangali wanashuka ukingoni pale, wengi wao kwa kutazama tu.