Ruhusa ya Kuandika

Katika idara yetu pana chumba kidogo ambacho zamani kilikuwa masjala. Majalada yaliyokuwamo yamekwisha kuhamishwa, na mahali pake imewekwa seva, mashine isiyo na uzuri wo wote wa kutazamwa, ambayo diski yake twaitumia watu tisa kwa pamoja katika kukusanya kamusi ya maneno ya ubaharia. Ulinzi wake nilikabidhiwa mimi, kwa sababu wenzangu walijua machache zaidi kuliko machache niliyoyajua. Nataka kusimulia jinsi nilivyomdhulumu mtu kwa ajili ya mashine hiyo, na jinsi nilivyokosea mara ya pili katika kulitengeneza kosa la kwanza.

Mtu mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa pwani, ajuaye jina la kila kamba ya jahazi. Asubuhi moja alinijia, nikamwamkia, naye baada ya kuitikia akasema, "Mwanangu, faili la herufi M nalisoma lote, lakini nikitaka kulihifadhi naambiwa sina ruhusa." Alikuwa amesahihisha maana za mkuku, mlingoti na msukani. Nilimjibu bila kuinua macho kwamba bila shaka amebonyeza mahali pasipo pake. Hakubishana nami. Alinunua daftari, akaendelea kuandika kwa kalamu, na kwa muda wa wiki mbili sikumwona tena mbele ya kompyuta.

Haikunipitikia kwamba huenda alisema kweli, mpaka mwanafunzi mmoja, kijana mwepesi wa vyombo hivi, alipopatwa na jambo lile lile. Kijana nilimwamini papo hapo. Msomaji ataniwia radhi nisipoieleza tofauti hiyo zaidi.

Katika mashine iongozwayo na mfumo wa Linux kila faili linatambua watu wa namna tatu: mwenyewe, watu wa kundi lake, na wengine wote. Kila namna hupimiwa haki tatu, na haki hizo zina hesabu: kusoma ni 4, kuandika ni 2, na ya tatu ni 1, ambayo kwa faili ni kuendesha programu na kwa folda ni kupita mlangoni. Mafaili niliyoyaanzisha yalizaliwa na alama 644, yaani mimi nasoma na kuandika, na wasiokuwa mimi wanasoma tu. Sikuyachagulia alama hiyo. Mashine huitoa yenyewe, kwa kuwa ina kipunguzo cha desturi, 022, kinachomwondolea haki ya kuandika kila asiyekuwa mwenyewe. Tena kundi lililotajwa juu ya mafaili hayo lilikuwa langu la pekee, ambalo ndani yake nimo mimi tu.

Lakini huko nje mambo yalikuwa mengine. Katika Samba, programu iliyoanzwa na Andrew Tridgell huko Australia, ambayo huziwezesha kompyuta za Windows kuifikia diski ya mashine kama hii, nilikuwa nimeandika kwamba sote tisa twaruhusiwa kuandika. Basi mzee alikuwa kama mgeni aliyekaribishwa vizuri na bawabu langoni, akafika ndani akakuta sanduku limefungwa. Lango na sanduku sharti vipatane. Visipopatana, katazo ndilo lishindalo.

Nilipoyagundua hayo ilikuwa Ijumaa alasiri, nami nilikuwa na haraka. Nikafanya lile wafanyalo wavivu: nikayapa mafaili na folda zote alama 777, kila mtu na kila haki. Kisha nikamwomba mzee radhi nusunusu, radhi ya mtu asemaye kwamba ilikuwa hitilafu ya mashine. Akaitikia kwa adabu, akakaa siku nne akilinakili daftari lake katika faili la M.

Juma lililofuata folda ya M haikuonekana. Mmoja wetu, wala sikutafuta ni nani, aliifuta akidhani ni nakala ya ziada. Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonistaajabisha: haki ya kulifuta faili haimo katika faili lenyewe, bali imo katika folda iliyolibeba. Faili laweza kukatazwa lisiongezwe hata nukta, na bado mwenye haki ya kuandika katika folda akaliondoa zima. Karani wa masjala ya zamani angelielewa jambo hili upesi kuliko mimi. Nakala ya akiba ilikuwa ya mwezi uliopita. Kilichosalia cha kazi ya siku nne ni lile daftari.

Safari hii nilikwenda polepole. Niliunda kundi moja, nikaliita kamusi, nikatia majina yetu tisa, nikaligawia mafaili yote. Folda nilizipa 2775 na mafaili 664. Ile 2 ya mbele hulifanya kila faili jipya lirithi kundi la folda badala ya kundi la aliyeliandika. Katika Samba nililazimisha kundi hilo hilo na alama zizo hizo, na kipunguzo changu nikakifanya 002. Nilijaribu pia alama ya 1 ya mbele, inayomzuia mtu asifute cha mwenziwe, lakini ilitushinda: programu nyingi za kuandikia huhifadhi kwa kutengeneza faili jipya na kuliondoa la zamani, kwa hiyo kumkataza mtu kufuta ni kumkataza kusahihisha. Nikaiacha, nikaweka kapu la taka katika seva, na nakala ya akiba kila usiku.

Nikamwita mzee ajaribu. Akafungua faili, akaongeza neno, akahifadhi, akanyimwa ruhusa. Akanitazama. Ulimi wangu ulikwisha kunyanyuka kusema yale yale ya kwanza. Ndipo nilipokumbuka kwamba alikuwa ameingia katika seva tangu asubuhi, na mtu aliyetiwa katika kundi hatambuliwi mpaka atoke na kuingia tena.

"Kosa ni langu, Mwalimu," nikasema. "Nakuomba utoke, kisha uingie."

Akatoka, akaingia. Akaandika maana ya msukani kama aijuavyo yeye, akaihifadhi, nayo ikakubali. Kisha akalifungua daftari juu ya magoti yake, akaiandika na humo.